Kupunguza Chakula na Kuongeza Zinki kwa Kuku wa Mayai: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafugaji wa Malindi

Kila kaskazi inaposhika, kuanzia Disemba hadi Machi, maswali mawili hunijia karibu kila siku. La kwanza ni la chakula: gunia limepanda bei, je, nikipunguza kidogo kuku wataumia? La pili ni la zinki: wenzangu wananunua unga wa zinki kwenye agroveti, na mimi ninunue? Anayeuliza la kwanza mara nyingi si yule anayeuliza la pili. Lakini ndani ya kuku maswali haya ni jambo moja, ndiyo maana nimeyajibu pamoja. Nafuga kuku 300 wa mayai hapa Malindi, nyuma ya nyumba, na mengi ya haya nimeyaona kwa macho yangu.

Kuku mmoja ale kiasi gani kwa siku, na zinki kiasi gani?

Kuku wa mayai wa kisasa, yule mwekundu tuliyezoea, hula gramu 110 hadi 120 kwa siku akiwa mzima na hali ya hewa ni nzuri. Mweupe ni mwepesi, hula karibu gramu 100.

Kuhusu zinki, Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa vipimo vyake mwaka 1994: miligramu 35 kwa kila kilo ya chakula, kwa kuku mweupe anayekula gramu 100. Hiyo ni miligramu 3.5 kwa siku, na ni kiwango cha chini kabisa. Watengenezaji wa chakula huweka zaidi, mara nyingi kati ya 60 na 100 kwa kilo, kwa sababu kuku wa banda si kuku wa maabara.

Sasa fanya hesabu hii. Chakula chako kina miligramu 60 kwa kilo. Kuku akila gramu 120 amepata miligramu 7.2. Akila gramu 90 amepata 5.4. Gunia ni lile lile na karatasi yake imeandikwa vile vile, lakini robo ya zinki haikuingia tumboni. Mwili wa kuku hausomi karatasi ya gunia. Unataka haki yake ya siku, kila siku. Ukilishika hili, majibu mengine yote utayaelewa.

Zinki inafanya kazi gani mwilini mwa kuku?

Nyingi, ila ya ganda ndiyo inayotugusa mfukoni. Yai hukaa kama saa 20 katika sehemu ya mfuko wa uzazi inayotengeneza ganda, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku, sisi tukiwa tumelala. Ganda karibu lote, kama asilimia 95, ni kalisi kaboneti. Kalisi hutoka kwenye damu. Ile kaboneti hutengenezwa pale pale kutokana na hewa ya kaboni dayoksaidi na maji, na anayeifanya kazi hiyo ni kimeng'enya kiitwacho kaboniki anhidrasi. Katikati ya kimeng'enya hiki imekaa chembe ya zinki, na bila hiyo hakifanyi kazi. Kwa hiyo unaweza kumjaza kuku chokaa na bado ganda likawa jepesi.

Zaidi ya ganda, zinki hujenga manyoya, ngozi ya miguu, mifupa na kinga ya mwili. Mwaka 1958 mtafiti O'Dell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Missouri walionyesha kwamba kifaranga asiyepata zinki hudumaa, manyoya yake huwa ya ovyo, na miguu huwa mifupi na minene. Kwa wanaototoa vifaranga, zinki ikipungua kwa mama, mayai huanguliwa kwa uchache na baadhi ya vifaranga hufia ndani wakiwa na viungo visivyokamilika.

Mahindi, soya na pumba si vina zinki? Kwa nini isitoshe?

Vina. Lakini nafaka na mbegu zina kitu kiitwacho fitati, ambacho hushika zinki na kutoka nayo kwenye kinyesi. Chokaa nyingi huongeza ubaya huo, na kuku wa mayai hana budi kula chokaa nyingi. Basi anayechanganya chakula mwenyewe kwa mahindi, mashudu na chokaa, bila dagaa na bila premiksi (mchanganyiko wa madini na vitamini unaotiwa kwenye chakula), ana zinki kwenye hesabu ya daftari tu. Dagaa au omena husaidia kwa sababu zinki ya samaki haina fitati. Kimeng'enya cha fitasi, kinachovunja fitati, pia husaidia, na baadhi ya premiksi tayari zinacho.

Bei ya chakula imepanda. Nikipunguza kipimo nitaokoa pesa?

Nitakueleza yaliyonikuta. Mwaka mmoja mahindi yalipoadimika nilishusha kipimo kutoka gramu 120 hadi 95 kwa kuku wote. Wiki mbili za kwanza nilifurahi, trei zilikuwa zile zile na gunia linabaki. Wiki ya tatu mama mmoja wa mtaani kwetu, anayeoka mkate wa mayai kwa ajili ya harusi, alinirudishia trei mbili. Hakuwa na hasira. Alichukua yai moja, akawasha tochi ya simu nyuma yake, akaniambia, "Mwanangu, tazama." Kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele kutoka ncha hadi ncha. Akachukua la pili, vile vile. La tatu lilikuwa zima, lakini lilikuwa na madoa ya mwanga kila mahali, kama chandarua kuukuu.

Nilidhani nimepunguza mahindi. Kumbe nilipunguza kila kilichokuwamo ndani ya gunia: protini, chokaa, vitamini D, manganizi, zinki. Moja ya tano ya kila kitu. Kuku akivumilia wiki mbili ni kwa sababu anakopa kwenye mifupa yake, na deni hilo hulipwa kwa maganda.

Kupunguza kunawezekana, lakini kuna masharti. Kuku wawe wamepita kilele cha kutaga, tuseme wiki ya 40 na kuendelea. Wawe wekundu wazito wanaoanza kunenepa, maana mafuta ya tumboni na kwenye ini nayo huua. Punguzo lisizidi asilimia 5, yaani kutoka gramu 120 hadi 114. Pima kuku 20 wale wale kila wiki, na wakipungua uzito au mayai yakishuka, rudisha siku hiyo hiyo. Na premiksi pamoja na chokaa ziongezwe kwa kadiri ulivyopunguza, ili kila kuku apate madini ya siku nzima ndani ya chakula kidogo.

Kwa kuku 300 wangu, gramu 6 kila mmoja ni kilo 1.8 kwa siku, kama kilo 54 kwa mwezi. Hata gunia moja la kilo 70 halitimii. Naiweka hesabu hii hapa kwa makusudi, kwa sababu watu wengi hudhani punguzo litawaokoa. Ukiacha kujaza vyombo hadi ukingoni, ukavijaza theluthi tu, ukaziba mashimo ya panya, mara nyingi utaokoa zaidi ya hapo na hakuna kuku atakayeguswa.

Jambo jingine: chakula kikiwa haba, lazima kuku wote waweze kula kwa wakati mmoja. Kama vyombo ni vichache, wababe watakula gramu zao 120 kamili na wanyonge watapata 80. Wastani wa daftari utakuwa mzuri na banda litakuwa na kuku wenye njaa.

Mimi sipunguzi, ila naongeza pumba kwenye gunia ili lisogee. Hilo lina ubaya?

Hilo ndilo punguzo lenyewe, ila halionekani. Kilo 15 za pumba ndani ya gunia la kilo 70 zimepunguza nguvu ya premiksi kwa karibu moja ya tano, na pumba imeleta fitati yake juu. Tumbo la kuku limejaa, mwili una upungufu. Ukitaka kuchanganya, changanya kwa hesabu kamili pamoja na premiksi ya kutosha kilo zote.

Ni kuku gani wasipunguziwe kabisa?

Wanaoanza kutaga hadi wavuke kilele. Waliotoka kuugua au kuchanjwa. Wenye upungufu wa uzito. Matetea wanaweza kupimiwa chakula ili wasinenepe kabla ya wakati, lakini ni kwa mizani tu: mwekundu wa wiki 17 au 18 awe na kilo 1.4 hadi 1.5 hivi. Kama hafiki hapo, mwache ale.

Wakati wa joto kuku wenyewe hawali. Nifanye nini?

Hapa kwetu hili ndilo swali kubwa kuliko yote, kwa sababu joto hupunguza chakula hata kama wewe hukukusudia. Februari na Machi mchana hufika nyuzi 31 au 32, na unyevu wa bahari juu yake. Kuku hana jasho. Hujipoza kwa kuhema mdomo wazi, na kila anapohema hutoa kaboni dayoksaidi kwa wingi, ile ile inayotakiwa kutengeneza ganda. Anakula kidogo, zinki na kalisi zinaingia kidogo, na malighafi nyingine inatokea mdomoni. Ndiyo maana mayai ya kaskazi huwa mepesi hata kwa mfugaji hodari.

Mimi hufanya hivi. Taa huwashwa saa kumi usiku, na chakula kiko tayari. Malindi iko karibu na Ikweta, mwanga wa jua ni kama saa 12 tu mwaka mzima, na kuku wa mayai anataka 14 hadi 16. Kwa hiyo taa ya alfajiri inafanya kazi mbili: inatimiza mwanga na inampa kuku saa za baridi za kula. Kuanzia saa tano asubuhi naondoa chakula, kwa sababu kusaga chakula tumboni huzalisha joto, na joto hilo likikutana na la saa nane mchana kuku huanguka. Saa kumi alasiri narudisha, na hapo ndipo naweka makombe ya chaza yaliyopondwapondwa, si unga laini. Vipande vikubwa hukaa kwenye firigisi na kutoa kalisi polepole usiku, wakati ganda linajengwa.

Hii nayo ni namna ya kuzuia chakula, lakini ni kwa saa, si kwa kipimo. Chakula cha siku ni kile kile.

Na premiksi ya kaskazi huiongeza. Kama daftari linaonyesha kuku wanakula gramu 95 badala ya 120, kila kilo ya chakula inahitaji madini zaidi kwa karibu robo ili siku yao itimie. Uzito wa chakula upimwe kwa wiki nzima, usikisie.

Kisima changu kina maji ya chumvi. Yanahusiana vipi na zinki?

Yanahusiana sana, na ningependa kila mfugaji wa pwani alijue hili. Watafiti wa Australia, akiwemo D. Balnave wa Chuo Kikuu cha Sydney, walichunguza kwa miaka mingi maji ya chumvi na maganda ya mayai. Waliona kwamba chumvi ya gramu 2 kwa lita, na hata chini ya hapo, huongeza mayai yenye maganda mabovu, na kwamba chumvi inadhoofisha kile kimeng'enya chenye zinki kwenye sehemu inayotengeneza ganda. Mwaka 1993 Balnave na Zhang walitoa matokeo ya kuwapa kuku wanaokunywa maji ya chumvi aina mbalimbali za zinki, na madhara ya chumvi yakapungua.

Kwa hiyo zinki husaidia. Lakini dawa ya kwanza ni maji. Kuku hunywa mara mbili ya uzito wa chakula chake, na wakati wa joto zaidi ya hapo. Ukimpa maji ya chumvi, kila anapojipoza anajiumiza. Hapa mjini maji ya bomba yanatoka Baricho kwenye mto Sabaki, na hata yakiwa ya mgao ni bora uyahifadhi kwa ajili ya kuku kuliko kuwapa ya kisima. Wenzetu wa Lamu wana maji matamu ya chini ya matuta ya mchanga ya Shela, na visiwani wengine bado wanatumia jabia za maji ya mvua. Mvua za masika ni fursa, teka na uhifadhi. Pia kama maji yako yana chumvi, punguza chumvi unayoweka kwenye chakula. Wengi husahau na kuku hupata mara mbili.

Nitajuaje kwamba tatizo ni zinki na si kitu kingine?

Kwa ganda peke yake hutajua. Ganda jepesi huletwa na uchache wa kalisi, ukosefu wa vitamini D, joto, chumvi, uzee wa kuku, kideri na maradhi mengine ya njia ya hewa. Ukiona maganda yameharibika ghafla kwa siku mbili tatu na kuku wanakoroma, hilo ni la daktari wa mifugo, si la premiksi.

Upungufu wa zinki huja polepole. Shika kuku mkononi jioni wakiwa wametulia. Fungua bawa: manyoya yaliyochakaa kwenye ncha, yaliyochanika kama ukili wa mkeka mkuukuu, ilhali banda halina udonoaji. Geuza mguu: ngozi ya kanyagio imepasuka na ina magamba makavu. Vidonda vidogo havifungi. Ukiona hayo kwa kuku wengi, na unajua chakula chao hakina premiksi ya kutosha au wanakula kidogo, hapo una sababu ya kushuku zinki.

Ninunue zinki ya aina gani na niweke kiasi gani?

Kwanza, kama unanunua chakula kamili cha kuku wa mayai na unakitoa kama kilivyo, na kuku wanakula vizuri, usiongeze kitu. Zinki imo.

Kama unachanganya mwenyewe bila premiksi yenye zinki, ya kawaida na ya bei nafuu ni salfeti ya zinki ya daraja la mifugo. Ile kavu, ya monohaidreti, ina zinki kama asilimia 35. Kuongeza miligramu 60 kwa kila kilo katika gunia la kilo 70 unahitaji gramu 4.2 za zinki, yaani gramu 12 za salfeti hiyo. Gramu 12 ni kidogo mno, usipime kwa kijiko. Tafuta mizani ya gramu. Changanya kwanza na kilo moja ya pumba mpaka rangi iwe moja, kisha na kilo tano, kisha na gunia zima. Ukitupa moja kwa moja juu ya gunia, kuku mmoja atapata zote na wengine hawatapata kitu.

Oksaidi ya zinki ina zinki nyingi zaidi, asilimia 72 hadi 80, lakini namna inavyopenya mwilini hutofautiana kati ya bidhaa na bidhaa. Zinki iliyoungwa na protini au methionini hufyonzwa vizuri zaidi mbele ya fitati na ni ghali. Mimi naona thamani yake kwenye miezi ya kaskazi na kwa wenye maji ya chumvi, si mwaka mzima.

Naweza kusaga vidonge vya zinki vya watoto?

Hapana. Kidonge kimoja kina miligramu 20. Gunia moja lingetaka vidonge 210. Hivyo ni vya mtoto anayeharisha, siku 10 hadi 14, na tukivimaliza kwa kuku kuna mama atakayefika zahanati avikose.

Na ile zinki ya mbolea?

Usitumie. Ya mbolea inaweza kuwa na metali zenye sumu kama kadimi na risasi, na vitu hivyo vinaishia kwenye nyama na mayai.

Zinki ikizidi?

Huzuia shaba kufyonzwa, kuku hupungukiwa damu, hula kidogo na mayai hushuka. Umoja wa Ulaya tangu 2016 umeweka kikomo cha miligramu 120 za zinki yote kwa kilo ya chakula cha kuku wa mayai, zaidi kwa kulinda ardhi, maana inayozidi hutoka na kinyesi na kubaki shambani. Ni kikomo kizuri hata kwetu, tunaotia samadi ya kuku kwenye michicha.

Angalia pia ndoo za mabati. Wengi hutia ndimu au siki kwenye maji ya kuku. Asidi hiyo huyeyusha zinki ya mabati, na kuku hunywa zaidi ya unavyojua. Tumia plastiki.

Nikiongeza zinki, mayai yatakuwa na zinki nyingi kwa walaji?

Kidogo tu. Yai moja lina kama miligramu 0.6, karibu zote kwenye kiini, na kuku haruhusu ipande sana. Usiuze mayai kwa ahadi hiyo.

Nimesikia kuku wazee hufungiwa chakula au hupewa zinki nyingi ili wanyonyoke manyoya na kuanza kutaga upya. Ni kweli?

Ni kweli kwamba hufanyika. Njia ya zamani ni kuwanyima chakula siku 10 hadi 14. Wanaacha kutaga, wananyonyoka, kisha wanalishwa na kurudi na maganda bora zaidi. Njia ya zinki ni kuweka miligramu 20,000 za zinki kwa kilo, kwa oksaidi. Kuku hukataa chakula chenyewe, kwa hiyo ni njaa ile ile kwa mlango mwingine. Marekani kwenyewe, chama cha wazalishaji wa mayai, United Egg Producers, kiliacha kuidhinisha njia ya kunyima chakula kuanzia 2006, na wafugaji wakahamia kwenye chakula hafifu cha pumba nyingi pamoja na kupunguza mwanga.

Mimi siifanyi kwa namna yoyote. Kuku aliyetaga mwaka mzima katika joto la Malindi hana akiba ya kustahimili siku 10 za njaa, na wanyonge watakufa kabla hajanyonyoka wa kwanza. Wangu wakikaribia wiki 80 nawaacha wale kipimo kamili hadi siku ya mwisho, kisha nawauza wazima katika wiki ya kabla ya Idd, wakati kila nyumba inatafuta kuku wa pilau.